Dona, Sembe na Kinachobaki Mashineni

Punje ya nafaka, iwe ya mahindi, ya ngano, ya mpunga au ya mtama, ina sehemu tatu ambazo kazi yake ya asili ni kulinda na kulisha mmea mchanga kabla haujaota mizizi: ganda la nje, lenye tabaka kadhaa za nyuzinyuzi na madini, kiini, yaani mmea wenyewe ukiwa bado umelala ndani ya mbegu, ambacho hubeba mafuta, protini na vitamini, na sehemu kubwa ya katikati ambayo karibu yote ni wanga. Katika punje ya mahindi sehemu hiyo ya wanga huchukua zaidi ya asilimia 80 ya uzito, kiini huchukua karibu asilimia 11, na ganda huchukua asilimia 5 au 6. Chakula huhesabiwa kuwa cha nafaka isiyokobolewa pale ambapo sehemu hizo tatu zimebaki ndani yake kwa uwiano uleule zilionao katika punje, hata kama punje yenyewe imesagwa, imepondwa au imeparazwa.

Tofauti kati ya kusaga na kukoboa hupotea mara nyingi katika mazungumzo ya nyumbani, kwa kuwa kazi zote mbili hufanyika chini ya paa moja na kwa safari moja. Kusaga ni kuigeuza punje kuwa unga, ilhali kukoboa ni kuivua ganda na, katika mashine nyingi, kuing'oa na kiini chake kabla haijasagwa. Nchini Tanzania unga wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa huitwa dona, na ule wa mahindi yaliyokobolewa huitwa sembe. Nchini Kenya mgawanyo unaokaribiana na huo ni kati ya unga wa posho, unaosagwa kwenye mashine za mitaani na vijijini, na unga wa paketi uliochekechwa kiwandani, ingawa siku hizi mashine nyingi za mitaani nazo zina mtambo wa kukoboa, kwa hiyo jina peke yake halimwambii mnunuzi anachokula. Neno posho lenyewe lilikuwa na maana ya mgawo wa chakula aliopewa mpagazi au kibarua, na kwa kuwa mgawo huo wakati wa ukoloni ulikuwa aghalabu unga wa mahindi, watu wa Uganda mpaka leo huuita ugali wenyewe posho.

Kinachotoka katika kukoboa kinaweza kupimwa. Majedwali ya vyakula ya Marekani, yanayotumiwa na wataalamu wengi kama rejea, huonyesha kwamba gramu 100 za unga wa mahindi yasiyokobolewa zina takriban gramu 7 za nyuzinyuzi, na kwamba zikiondolewa ganda na kiini hubaki karibu gramu 4. Madini ya chuma hushuka kutoka miligramu 3.5 hadi 1 hivi, zinki kutoka karibu 1.8 hadi chini ya 0.7, na magnesi, ambayo mwili huihitaji kwa kazi za misuli na mishipa ya fahamu, hushuka kutoka 127 hadi 32. Unga wa ngano nzima una gramu kati ya 10 na 11 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100, na unga mweupe wa maandazi una chini ya 3. Nyuzinyuzi hizo, ambazo wataalamu wa lishe wa Tanzania huziita pia makapimlo, ni sehemu za mmea ambazo utumbo mdogo wa binadamu hauwezi kuzisaga, na kwa sababu hiyohiyo zina kazi: huongeza ujazo wa choo, huharakisha mwendo wake, huwa chakula cha bakteria wema wa utumbo mpana, na aina fulani kati yake huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Upande wa fedha unashangaza zaidi kuliko upande wa madini. Mwenye debe lake la mahindi hulipia kukoboa, kisha hulipia kusaga, na huondoka na unga mchache kuliko nafaka aliyokuja nayo, kwa kuwa gunia la kilo 100 lililokobolewa kwa nguvu huweza kutoa kilo 70 hivi za sembe, wakati lililosagwa dona hupoteza kidogo sana. Tofauti hiyo ndiyo pumba, ambayo katika baadhi ya maeneo huitwa wishwa, nayo aghalabu hubaki mashineni au huuzwa kwa wafugaji wa nguruwe, kuku na ng'ombe wa maziwa. Mfugaji anayeinunua anajua thamani yake kwa hesabu ya mayai na maziwa; mwenye mahindi aliyeiacha amelipa ili itolewe.

Ni rahisi kusimulia jambo hili kama hadithi ya mababu waliokula vyakula vya asili na wajukuu waliopotoka, lakini historia haikubali usimulizi huo bila masharti. Mahindi yenyewe si mwenyeji wa muda mrefu: asili yake ni Meksiko, yakafika katika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Wareno kuingia katika karne ya 16, na jina lake la Kiswahili linaelekeza India, nchi ambayo hayakuanzia. Kabla yake bara lilitegemea mtama, uwele na ulezi, na nafaka hii ya mwisho, ambayo Kenya huitwa wimbi, ilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki zenyewe. Kukoboa nako hakukuletwa na injini, kwa kuwa kinu na mchi viliweza kuivua punje ganda lake, ungo ukapepeta makapi, na katika jamii nyingi mahindi yalitwangwa, yakalowekwa kwa siku kadhaa, yakaanikwa na kutwangwa tena mpaka unga ukawa mweupe. Unga huo ulikuwa wa mgeni, wa mkwe na wa karamu, kwa sababu uligharimu siku nzima za kazi ya wanawake. Injini ya dizeli na baadaye mota ya umeme viliondoa gharama hiyo ya jasho, na chakula cha siku ya karamu kikawa chakula cha kila jioni. Hakuna mtu mwenye busara atakayetaka wanawake warudishwe kwenye kinu kwa ajili ya nyuzinyuzi, na hakuna haja hiyo, kwa kuwa dona ni kazi ndogo zaidi kwa mashine kuliko sembe.

Weupe wa unga uliongezewa heshima na siasa ya bei. Nchini Tanzania, Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana kwa herufi za NMC na kuundwa mwaka 1968, lilisambaza sembe mijini kwa bei iliyobebwa na ruzuku ya serikali hadi ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984, na kwa hiyo kizazi kizima cha wakazi wa miji kilizoea kuuona unga mweupe kama haki ya mshahara, wakati dona ilibaki kuwa chakula cha kijijini, cha bweni na cha kambi. Katika miaka ya upungufu wa chakula yakaja mahindi ya njano ya msaada, na unga wake ukapewa jina la utani la unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya soka ya Dar es Salaam. Tangu hapo rangi yoyote isiyokuwa nyeupe ikawa na harufu ya foleni na njaa, ingawa mahindi ya njano yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A na ambayo mahindi meupe hayana.

Kwamba mapenzi ya sembe yalikuwa kwa sehemu kubwa mapenzi ya bei, Zimbabwe ilitoa ushahidi ulio wazi. Huko serikali ilitoa ruzuku kwa unga uliokobolewa wa viwanda vikubwa, na sheria zilizuia nafaka kuingizwa mijini kiholela, mambo ambayo yalifanya watafiti na watunga sera waamini kwamba watu wa mjini hawautaki unga wa nafaka nzima, unaoitwa mugaiwa kwa Kishona. Ruzuku ilipofutwa mwaka 1993 na vizuizi vikalegezwa, familia nyingi za kipato cha chini ziligeukia mugaiwa kutoka kwenye mashine ndogo za mitaani kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia, na jijini Nairobi pia unga wa posho uliongezeka katika matumizi baada ya soko la mahindi kulegezwa katika miaka hiyohiyo. Ulimi, kwa maneno mengine, ni mwanafunzi wa mfuko, na jambo hilo lingepaswa kuwapa matumaini wanaohubiri lishe kuliko mabango yote wanayobandika katika zahanati.

Elimu ya dunia kuhusu nyuzinyuzi ina deni kwa Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya watoto aliyoieleza akiwa huko, aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, kama kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa nadra kwa wagonjwa wa vijijini. Akiwa na Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa miongo mitatu, alijenga hoja kwamba tofauti ilitokana na vyakula vilivyovuliwa nyuzinyuzi zake, na mwaka 1975 wawili hao walitoa kitabu kilichoifanya hoja hiyo ijulikane duniani. Inafaa kuongeza, kwa kuwa husahauliwa, kwamba wagonjwa wengi wa Uganda walikula matoke, viazi vitamu na maharage zaidi ya ugali, kwa hiyo somo la Burkitt halikuwa kuhusu nafaka peke yake, na baadhi ya madai yake ya awali yamerekebishwa na tafiti za baadaye. Kiini cha hoja kimesimama. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet, yaliyokusanya tafiti 185 za ufuatiliaji wa muda mrefu na majaribio 58 ya kitabibu, yalionyesha kwamba watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi wana vifo vichache kwa asilimia kati ya 15 na 30 kuliko wanaokula chache, vikiwamo vifo vya moyo, na kwamba nafaka zisizokobolewa zina mwelekeo huohuo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wanga wa mlo utoke hasa katika nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na jamii ya kunde, na kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, mtoto wa miaka 6 hadi 9 gramu 21, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 15. Ugali uliosongwa kwa gramu 200 za dona hutoa zaidi ya nusu ya kiasi cha mtu mzima kabla hata mboga haijafika mezani.

Kuna hoja moja dhidi ya dona ambayo ni nzito, na makala nyingi za afya huipita kimyakimya. Fangasi wa jamii ya Aspergillus, hasa yule aitwaye Aspergillus flavus, huota katika mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, au yaliyotobolewa na wadudu, na hutengeneza sumukuvu, kemikali ambayo ikiliwa kwa wingi huua kwa kuharibu ini, na ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huongeza uwezekano wa saratani ya ini. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwamo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo, na mwaka 2016 mlipuko mwingine ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, kwa kuwa inastahimili moto mkali kuliko ule wa jikoni, na kwa sehemu kubwa hukaa katika ganda na kiini, yaani sehemu zilezile ambazo kukoboa huziondoa. Familia inayokula mahindi yenye mashaka na kuhama kutoka sembe kwenda dona inaweza, kwa nia njema kabisa, kuwa imeongeza sumu katika sahani ya mtoto.

Jawabu la hoja hiyo ni kuanza na mahindi kabla ya unga, wala si kurudi kwenye sembe. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5 na sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo, na ingawa mlaji wa kawaida hana maabara, zipo njia anazoweza kuzitumia. Mahindi hukaushwa juu ya turubai au kichanja badala ya udongo, hupukuchuliwa bila kupigwa kwa fimbo hadi punje zipasuke, na huhifadhiwa juu ya vichanja katika mifuko isiyopitisha hewa. Kipimo cha zamani cha chumvi kinafaa kwa anayenunua gunia sokoni: punje kadhaa hutiwa katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, chupa hutikiswa kwa dakika chache, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa mahindi hayo yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayajawa tayari kwa ghala wala kwa mashine. Kisha kuna kuchambua, kazi ya mkono na macho ambayo hakuna kifaa cha nyumbani kilichoweza kuishinda, ya kutenga punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa au zenye ukungu. Punje zilizotengwa hazifai kupewa kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo hupita na kuingia katika maziwa. Anayenunua unga uliokwisha kusagwa hawezi kuchambua chochote, na kwa mtu huyo ni afadhali atafute msagaji anayeonyesha mahindi yake kuliko kufuata neno dona lililoandikwa kwenye mfuko.

Sheria zimejaribu njia nyingine ya kurudisha kilichotolewa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 na sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ziliwataka wasagaji wa viwandani waongeze virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi, vikiwamo madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki, ambayo ni vitamini ya jamii ya B inayomkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya ulemavu wa uti wa mgongo. Hatua hiyo ni njema. Hata hivyo, haigusi sehemu kubwa ya unga unaosagwa kwenye mashine za mitaa, na hairudishi nyuzinyuzi wala magnesi. Mahali ambapo unga wa nafaka nzima ulioongezewa virutubishi unapatikana, kama ilivyojaribiwa katika baadhi ya shule za Rwanda katika miaka ya karibuni, mlaji hahitaji kuchagua kati ya faida hizo mbili.

Yakishapatikana mahindi safi, kinachobaki ni upishi, na hapo ndipo dona nyingi zilizonunuliwa kwa ari hukataliwa mezani na kuishia kwa kuku. Ganda hunywa maji mengi na kwa taratibu, kwa hiyo anayesonga dona kwa kipimo na muda wa sembe hupata ugali unaokwaruza koo na kunuka unga mbichi. Dona hutaka maji mengi zaidi kidogo, uji wa mwanzo uliokorogwa na kuachwa uchemke kwa dakika kumi au zaidi huku sufuria ikiwa imefunikwa, kisha kusongwa kwa moto mdogo na kuachwa kidogo kabla ya kupakuliwa. Kwa familia iliyozoea weupe, ni busara kuanza na robo ya dona katika sembe na kuongeza kiasi kwa wiki kadhaa, jambo ambalo pia hulipa tumbo nafasi ya kuzoea, kwa sababu nyuzinyuzi zikiongezwa ghafla bila maji ya kunywa ya kutosha huleta gesi na kujaa. Wapo wapishi wanaoipitisha dona katika chekecheo pana ili kuondoa vipande vikubwa vya ganda, na ingawa mtu mwenye msimamo mkali atasema kwamba hiyo si nafaka nzima tena, unga huo hubaki na kiini chake na sehemu kubwa ya madini yake, na dona iliyochekechwa ikaliwa ina faida kuliko dona kamili iliyotupwa.

Uhifadhi nao hubadilika. Mafuta ya kiini yakikutana na hewa huharibika, unga ukapata uchungu na harufu nzito, na hiyo ndiyo sababu ya kiwanda kupenda kukitoa kiini, kwa kuwa sembe hukaa rafuni kwa miezi mingi na dona haikai. Nyumbani desturi inayofaa ni kusaga kidogo kidogo, kiasi cha wiki mbili au tatu, na kuuweka unga katika chombo chenye mfuniko mahali penye ubaridi. Uchungu ambao watoto huulalamikia mara nyingi ni wa unga uliokaa, si wa dona.

Ngano ni nyepesi zaidi kushughulika nayo. Unga wa ata, yaani wa ngano nzima, uliozoeleka katika jikoni zenye asili ya India na sasa katika maduka mengi ya miji ya Afrika Mashariki, hutoa chapati laini iwapo utakandwa ukiwa na maji mengi kuliko unga mweupe na kuachwa upumzike kwa nusu saa ili ganda lilainike, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu haujulikani kwa mlaji asiyeambiwa. Mkate unahitaji tahadhari, kwa kuwa rangi ya kahawia inaweza kuwa ya sukari iliyounguzwa. Mnunuzi asome orodha ya viambato, ambayo huandikwa kuanzia kilicho kingi, na kama ngano nzima haiko mwanzoni basi mkate huo ni mweupe uliovaa nguo ya rangi. Mchele ndio mgumu. Mchele wa kahawia, yaani uliotolewa kapi la nje pekee na kuachiwa ngozi yake, huchukua dakika 40 au zaidi motoni, hula mkaa au gesi, na haumeng'enyeki katika mawazo ya mtu aliyezoea wali wa nazi au pilau. Familia inayotaka mabadiliko isianzie hapo. Hoja dhidi ya mchele mweupe haina upungufu: mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kisiwani Java kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe walipooza kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa wa neva na moyo, na wakapona walipolishwa mchele wenye ngozi yake, ugunduzi uliofungua njia ya kujulikana kwa vitamini B1 na kumpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Lakini anayekula wali pamoja na maharage, samaki na mboga hayuko katika hali ya wale kuku.

Kwa kuhangaikia ugali na wali, ni rahisi kutoona nafaka nzima ambazo zimekuwa mezani siku zote bila jina la kitaalamu. Mahindi ya kuchoma na ya kuchemsha ni nafaka nzima, bisi vilevile, na githeri ya Kenya, inayochanganya punje zenye maganda yake na maharage, ni mlo kamili kuliko vyakula vingi vinavyouzwa kwa sifa hiyo. Makande ya Tanzania huwa hivyo pale tu yanapopikwa bila kukobolewa, na muthokoi ya Ukambani hukobolewa. Dodoma na Singida zina ugali wa mtama na wa uwele unaoteremka kwa mlenda. Pwani ina mkate wa mofa, wa unga wa mtama, uliopata jina kutokana na tanuri la udongo unamookwa, nao unastahili kutoka katika orodha ya vyakula vya Ramadhani na sikukuu na kurudi katika chai ya asubuhi. Bokoboko, pishi la ngano na nyama linalounganisha Zanzibar na harisi ya Oman, hupikwa kwa punje badala ya unga, hata kama mara nyingi ngano yake hupunguzwa ganda. Ulezi una nafasi ya pekee kwa sababu punje yake ni ndogo mno kukobolewa kwa urahisi, kwa hiyo unga wake karibu siku zote ni wa nafaka nzima, na gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, kiasi kinachozidi mara mbili kile cha maziwa ya ng'ombe ya uzito uleule. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama, jikoni nyingi za mikoa ya ziwa hazikuhitaji kutangaziwa.

Kalisi hiyo haiingii yote mwilini, na hapa ujuzi wa zamani unakutana na kemia. Ganda la nafaka lina faiteti, kiambata ambacho mmea hukitumia kuhifadhi fosforasi na ambacho hushika madini ya chuma, zinki na kalisi yasifyonzwe kwa urahisi. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha huamsha vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia, ambavyo huivunja faiteti hiyo; ndiyo maana uji uliochachushwa na togwa, kinywaji cha nafaka na kimea chenye uchachu mwepesi, ni zaidi ya suala la ladha. Kimea, yaani nafaka iliyoota ikakaushwa na kusagwa, kilipewa uzito wa kitaalamu nchini Tanzania katika miaka ya 1980, wakati watafiti wa lishe walipoonyesha kwamba kijiko kidogo cha unga wake hulainisha uji mzito wa mtoto mpaka ukanyweka bila kuongezwa maji, hivyo tumbo dogo hupata nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Ulezi hupendelewa kwa kazi hiyo, kwa kuwa mtama ukiota hutengeneza kemikali inayoweza kutoa sianidi, na machipukizi yake lazima yaondolewe.

Suala la watoto linadai kiasi. Mtoto wa chini ya miaka miwili ana tumbo dogo na mahitaji makubwa, na akijazwa nyuzinyuzi hushiba kabla ya kupata nguvu na protini za kutosha, kwa hiyo nafaka nzima kwake iwe laini, iwe na kimea au iwe imechachushwa, na iambatane na maziwa, yai, dagaa au karanga safi. Ule unga wa lishe wa nafaka saba, wenye soya, karanga na ngano ndani yake, unaouzwa kama dawa ya afya, unastahili mashaka kuliko sifa, kwa sababu soya inahitaji moto wa muda mrefu kuliko ulezi, na karanga chache zenye ukungu huweza kuuharibu mfuko mzima bila mtu kuziona. Nafaka moja au mbili zilizochambuliwa, na kitoweo kinachopikwa kando, humpa mama nafasi ya kujua anachomlisha mwanawe.

Kwa wagonjwa wa kisukari dona imegeuzwa kuwa ruhusa. Si ajabu kumsikia mtu aliyekatazwa tonge kubwa la sembe akila tonge lilelile la dona kwa moyo mweupe, ilhali unga uliosagwa laini sana, hata ukiwa na ganda lake, bado humeng'enywa haraka na kupandisha sukari ya damu. Punje nzima au iliyoparazwa ndiyo inayochelewa zaidi. Dona humsaidia mgonjwa huyo pale inapokaa katika sehemu ndogo ya sahani, na mboga za majani na maharage yakachukua sehemu kubwa.

Yote haya huamuliwa mahali padogo kuliko wizara au kliniki. Kwenye mashine ya mtaa, ambako ndoo na magunia hupangwa foleni kwa zamu, fundi humuuliza kila mwenye mzigo swali moja kabla ya kuwasha mota, na wengi huitikia kukoboa bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu. Aliyechambua mahindi yake jioni iliyotangulia anaweza kujibu kwamba yasagwe tu. Asiye na uhakika wa familia yake anaweza kuugawa mzigo, nusu ikakobolewa na nusu isikobolewe, kisha akachanganya nyumbani, na akaomba pia pumba za ile nusu iliyokobolewa zirudi kwake badala ya kubaki mlangoni mwa mwenye mashine.